Sahihi ya Mnufaika

Waliotangulia kufika walikuwa wapaka rangi. Walikuja wawili, Jumatano asubuhi, na ndoo moja ya rangi ya samawati. Walipaka ukuta wa mbele mpaka kwenye kona, wakasimama hapo, wakaanza kuosha brashi.

"Na huku ubavuni?" Mama Pacha aliwauliza kutoka kwenye cherehani yake.

"Ubavuni hakuna picha, mama," alijibu mmoja wao, na wakaondoka.

Alasiri akaja Mratibu wa Mradi wa Kujenga Upya, amevaa kizibao chenye mifuko minane na kalamu moja. Nyuma yake alikuwepo fundi bomba na mfuko wa saruji. Walichagua mahali katikati ya uwanja, wakachimba shimo lisilofika magotini, wakasimika nguzo, wakafunga koki mpya inayong'aa, wakamwaga saruji. Mama Pacha alisubiri wamalize, akaenda akaifungua koki. Ilitoa mlio kama mtu aliyetoka kupanda kilima.

"Hewa," alisema.

"Hewa ni dalili njema," alisema Mratibu. "Panapotoka hewa, maji yako njiani."

"Njia gani? Mtaro wenyewe hauna hata bomba moja."

Ilikuwa kweli. Mtaro ulichimbwa miaka miwili nyuma, kutoka kwenye tangi la kilimani mpaka mwisho wa mtaa, kilomita tatu, ili mabomba mapya yachukue nafasi ya yale yaliyovunjwa wakati wa vita. Malori ya mabomba yalipita mjini mchana kweupe, kila mwenye macho aliyaona. Kisha mtaro ukakaa. Watu wakaanza kuutupia taka, mbuzi wa mtu akatumbukia akavunjika mguu, na mvua za mwaka huu zikaufukia nusu. Maji yaliendelea kuchotwa bondeni, kwenye kisima kisicho na kifuniko, na wachotaji walikuwa watoto kabla ya kwenda shule. Hata pacha wa nyumba hii, wasichana wa miaka kumi ambao nyumbani waliitwa Wa Kwanza na Wa Pili, kila mmoja alikuwa na ndoo yake.

Mratibu alimweleza taratibu, kama anayemlisha mgonjwa uji. Jumamosi atakuja mgeni kutoka kwa wafadhili. Nyuma ya nyumba litawekwa pipa juu ya meza, na kutoka pipani mpira utapita chini ya udongo mpaka kwenye nguzo. Mgeni atafungua koki, maji yatatoka, picha zitapigwa, karatasi zitatiwa sahihi. Dakika tano. Katika nyumba mia nne na kumi na mbili za mtaa, hii ndiyo iliyochaguliwa.

"Kwa nini hii?"

"Gari lina pa kugeuzia. Na mumeo ni mtu wetu."

Mumewe, Baba Pacha, alikuwa dereva wa lori la halmashauri, kibarua kwa mwaka wa sita sasa.

Mratibu aliingia ndani bila kualikwa, akatazama huku na huku, akatikisa kichwa. "Makochi haya yatoke. Mnufaika hana makochi."

"Nimeyanunua kwa kushona."

"Sijasema umeiba, mama. Nimesema yatoke." Akaitazama cherehani. Akasita. Akatoka nje kupiga simu, akarudi. "Cherehani ibaki. Wanapenda cherehani. Na bibi akae hapa mlangoni, wazee wanapendeza kwenye picha. Ila asiseme kitu."

Bibi, mama yake Baba Pacha, alikuwa amepungukiwa na nguvu za masikio, na zile zilizopungua zikaongezwa kwenye ulimi. "Nikae kama mtungi?" aliuliza.

"Shikamoo, Bibi," alisema Mratibu, akaondoka.

Makochi yalihamishiwa kwa jirani, mwanamke muuza mkaa, ambaye aliyakalia kuanzia jioni ile na kusema yana miguu mibovu.

*

"Ni dakika tano tu," alisema Baba Pacha wakati wa kula. "Mratibu ameniahidi ajira ya kudumu. Barua iko mezani kwa Mkurugenzi wa halmashauri, inasubiri Jumamosi ipite."

"Wakishatia sahihi kwamba maji yamefika," aliuliza Mama Pacha, "nani ataleta maji?"

Alitafuna, akameza. "Utakuja mradi mwingine."

"Wa kuleta nini? Maji si yatakuwa yameshafika?"

Bibi akaguna. Baba Pacha akajitia kutafuta kitu kwenye sahani.

"Baba Pacha, yale mabomba yalikwenda wapi?"

"Mimi dereva. Dereva haulizi mzigo."

"Sikuulizi kama uliuliza. Nakuuliza uliupeleka wapi."

Bibi aliwatuma wajukuu wakalete chumvi kwa muuza mkaa. Chumvi ilikuwepo pale pale, lakini watoto waliinuka wote wawili bila kubisha. Walipotoka, Baba Pacha aliweka kijiko chini.

"Shambani kwa Mkurugenzi," alisema. "Safari nne."

"Na ile sukari?"

Mwaka juzi alirudi kutoka kazini na kiroba cha sukari, kilo ishirini na tano, akasema ni zawadi ya wafanyakazi hodari. Walikunywa chai tamu miezi mitatu. Katika miezi hiyo hiyo Wa Pili alilazwa siku kumi na saba kwa homa ya matumbo, na chai yake walimpelekea hospitalini kwenye chupa, imekolea sukari, kwa sababu daktari alisema mtoto anahitaji nguvu.

"Ndiyo hiyo," alisema Baba Pacha.

Mama Pacha aliondoa sahani, akaziosha kwa maji ya bondeni, akazifunika. Hakupaza sauti. Alikaa kwenye cherehani akashona pindo la sketi ya shule ya mteja, mbio mbio, mpaka mwisho. Alipoinyanyua aliona amelishona la mbele pamoja na la nyuma, sketi imefungwa kama gunia. Akachukua wembe, akaanza kufumua uzi mmoja mmoja.

*

Jumamosi magari yalifika matatu. Mgeni alikuwa mwanamke mtu mzima, mvi kichwa kizima, mhandisi, amevaa viatu vya kazi vilivyokwisha visigino. Alisalimia kila mtu kwa mkono, hata Bibi, hata fundi bomba, ambaye baada ya hapo alipotelea nyuma ya nyumba. Kando yake alitembea mkalimani, kijana wa kiume aliyevaa tai na kutokwa jasho.

Mratibu alihutubia. Alisema kujenga nchi upya ni jukumu la wote. Alisema wafadhili wametoa, serikali imesimamia, mwananchi amenufaika. Kisha mgeni akafungua koki, na maji yakatoka. Yalitoka vizuri. Watu wa mtaa, waliopangwa tangu saa mbili asubuhi, walipiga makofi kama walivyofundishwa, na baadhi yao walikuwa na ndoo.

"Mgeni anauliza maisha yamebadilika vipi," alisema mkalimani.

Mama Pacha alikuwa bado anatafuta la kusema wakati Bibi alipojibu kutoka mlangoni. "Mwambie haya maji tumeyaona leo, na wajukuu wangu ndio walioyachota alfajiri huko bondeni, safari sita, wakachelewa kusafisha meno."

Mkalimani alisema maneno kama manne hivi. Mgeni akatabasamu.

"Nimesema mengi, yeye kasema machache, na mgeni kacheka," alisema Bibi. "Alichekea lipi?"

Hapo maji yakaanza kupungua. Kamba ya maji ikawa uzi, uzi ukawa matone, na kutoka nyuma ya nyumba ikasikika sauti ya kopo likikwangua kitako cha pipa. Mratibu akapiga makofi peke yake. Mgeni alisikiliza, akaondoka pale alipokuwa amesimama, akazunguka kona, akaupita ule ubavu usiopakwa rangi.

Mama Pacha alimfuata. Fundi bomba alikuwa amepanda juu ya meza, kopo mkononi, suruali imelowa mpaka mapajani. Aliwaona, hakujua ateremke au aendelee. "Karibuni," alisema.

Mgeni alilitazama pipa, akautazama mpira, akafuata kwa macho mahali ulipozama ardhini. Hakuonekana kushangaa. Alionekana kama mtu aliyefika kituoni akakuta gari limeondoka, na si mara ya kwanza. Alirudi mbele, akasema kitu kwa sauti ya chini.

"Mgeni anasema muda umekwenda," alitangaza mkalimani. "Tuendelee na sahihi."

Meza ililetwa, na karatasi. Mgeni akatia sahihi. Mratibu akatia sahihi, yenye mkia mrefu. Kisha karatasi ikasogezwa kwa Mama Pacha, pale palipoandikwa *Mnufaika*. Juu yake kulikuwa na maelezo katika lugha mbili: *Nathibitisha kuwa nyumba yangu inapata maji safi na salama saa ishirini na nne.*

"Kijana," Mama Pacha alimwambia mkalimani, "muulize ameona?"

"Mama, tafadhali."

"Muulize tu. Usipunguze."

Mkalimani akauliza. Mgeni alimtazama Mama Pacha moja kwa moja, akajibu polepole, na kwa mara ya kwanza siku ile mkalimani akatafsiri neno kwa neno.

"Anasema ameona. Anasema akiandika alichokiona, fedha zote za mwaka ujao zitazuiwa, na zile za zahanati nazo. Kwa sahihi aliyotia, angalau zahanati itamalizwa. Anasema hana njia ya tatu. Anasema, kama wewe unayo, umwambie."

Mama Pacha alifikiri. Aliiona zahanati kule barabarani, kuta zimefika kwenye madirisha. "Na siku atakayokuja kuitazama zahanati," aliuliza, "watamwekea mgonjwa wa kuazima?"

"Na hilo nimtafsirie?"

"Hilo liache."

Pembeni, karibu na lori lake, Baba Pacha alikuwa amesimama ameshika kofia kwa mikono miwili. Alimtazama mkewe kwa namna ya mtu anayesubiri kuitwa jina. Mama Pacha alichukua kalamu. Aliandika kwa herufi ndogo, zilizonyooka kama mishono, akaujaza mstari wote, akashukia wa pili: *Maji haya ni ya pipa. Mabomba hayajafika. Wanangu wanachota bondeni.* Chini yake akaweka jina lake.

Mratibu aliichukua karatasi, akaona kuna wino, akaitia kwenye jalada. "Sahihi yako ndefu, mama."

"Nina majina mengi," alisema Mama Pacha.

*

Karatasi ilisafiri. Ilipitia ofisi nne, na katika zote hakuna aliyesoma alichoandika mnufaika, kwa kuwa mnufaika huwa haandiki kitu. Katika ofisi ya tano kulikuwa na karani ambaye mama yake mzazi alitoka upande huu wa dunia. Yeye alisoma. Akaisoma tena, akampelekea mkubwa wake.

Wiki ya tisa ilikuja barua ya kusimamisha mradi. Siku mbili baadaye mafundi waliteremka kwenye kuta za zahanati, wakachukua ngazi zao, wakaenda. Mtaa mzima ulijua sababu kabla ya jua kuzama.

Hakuna aliyemtukana Mama Pacha. Waliacha tu kuleta vitambaa, na wale waliokuwa wameshaleta wakaja kuvichukua.

"Bado mikono," alimwambia muuza mkaa, aliyefuata gauni lake.

"Nipe hivyo hivyo."

"Nitakushonea mikono kesho asubuhi."

"Nitavaa bila mikono," alisema muuza mkaa. "Mjukuu wangu angezaliwa zahanati. Sasa atazaliwa njiani. Mikono ya nini?" Alikunja gauni, akaenda. Makochi hakurudisha.

Kazini Baba Pacha alinyang'anywa ufunguo wa lori, akaambiwa akae kwenye benchi la getini asubiri kupangiwa kazi. Alikaa siku kumi na nne, tangu asubuhi mpaka jioni, akiamkiwa na kila anayeingia na kila anayetoka. Siku ya kumi na tano Mratibu alikuja nyumbani, na safari hii alibisha hodi.

"Mama Pacha, sote tunakosea," alisema. Alikuwa na karatasi iliyochapwa tayari: kwamba siku ile mnufaika alichanganyikiwa kwa furaha, akaandika asichokielewa. "Tia sahihi hapa. Fupi. Fedha zitafunguliwa, zahanati itaendelea, na barua ya ajira ya mumeo hii hapa." Akaiweka mezani ili ionekane.

"Na nisipotia?"

Mratibu alisikitika, na alisikitika kwelikweli. "Jumanne anakuja mkaguzi kutoka ofisi ya taifa. Atauliza mabomba yako wapi. Hati ya kupokelea mzigo ina sahihi moja tu, ya dereva. Mimi sipo, Mkurugenzi hayupo. Jela ni ya mtu aliyeandikwa." Akainuka. "Nitapita Jumatatu."

Alipoondoka, Baba Pacha aliichukua barua ya ajira akaisoma yote, hata namba ya kumbukumbu. Mama Pacha alikaa kwenye cherehani. Wiki zote hizo alikuwa amejiandaa kwa maneno ya watu. Kwa hili hakujiandaa.

"Niambie nitie sahihi, nitatia," alisema. "Sitakuletea lawama."

"Ulipoandika, ulijua jina langu liko kwenye hati?"

"Sikujua."

"Ungejua?"

"Sijui, Baba Pacha. Hilo naliogopa mwenyewe."

Bibi alikuwa amekaa kitandani kwake, mlango wazi, na wote walidhani hasikii. "Mwanangu," alisema, "nitakalosema litakuuma, na mimi linaniuma. Hukuiba. Lakini ulipakia."

Baba Pacha aliikunja barua kufuata mikunjo yake ile ile. "Nilipakia," alisema. Akairudisha barua mezani. "Jumatatu akija, mwambie sipo. Na karatasi yake mrudishie."

*

Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye begi la mgongoni kama mwanafunzi. Alifika kwa teksi, akakataa soda, akakataa maji ya chupa, akataka kiti kisichoyumba. Katika ukumbi wa halmashauri alisikiliza maelezo ya Mratibu kwa saa nzima: wizi, usalama mdogo baada ya vita, uadilifu wa watumishi wa chini. Mkurugenzi alituma udhuru, ana mafua. Mama Pacha, aliyeitwa kama shahidi, alikaa nyuma na kuhesabu vioo vya madirisha.

"Nani alibeba mabomba kutoka ghalani?" aliuliza mkaguzi.

"Mimi," alisema Baba Pacha, akasimama. Suruali yake ilikuwa imepigwa pasi mpaka ikasimama nayo.

"Uliyapeleka wapi?"

Mratibu alikohoa. Baba Pacha alingoja amalize.

"Naweza kueleza, mama, lakini mkono utakuuma kuandika. Twende nikakuonyeshe. Njia naijua."

Walikwenda kwa teksi, mkaguzi mbele, Baba Pacha na mkewe nyuma, na wakati wote Baba Pacha alimwelekeza dereva mwenzake kwa heshima: hapa punguza, hapa kuna shimo, baada ya daraja shika kushoto. Ilikuwa mwendo wa saa moja na robo. Mama Pacha aliona nchi kavu ikipita, halafu ghafla kijani. Mabomba yalikuwa wazi juu ya ardhi, buluu, yenye nembo ya wafadhili kila baada ya mita moja, yakipita katikati ya mistari ya nyanya na vitunguu. Mengine yalikuwa yamepangwa kando ya banda, hayajaguswa.

Mlinzi wa shamba alikuja mbio, akachungulia dirishani, uso ukamchangamka. "Dereva! Umepotea wapi? Umetuletea mengine?"

Mkaguzi alifungua begi, akatoa daftari, akaandika sentensi hiyo.

Alipiga picha, akahesabu, akamuuliza mlinzi jina la mwenye shamba, na mlinzi akalitaja kwa fahari, na cheo chake. Jua lilikuwa kali. Mwishoni mkaguzi alimgeukia Baba Pacha. "Na wewe nitakuandika. Safari nne, na ulikaa kimya miaka miwili. Unaelewa?"

"Naelewa. Andika na sukari."

"Sukari gani?"

"Nilipewa sukari, mama. Kilo ishirini na tano. Usiiache."

Mama Pacha alimtazama mumewe akiwa amesimama juani, mikono imeshuka. Alitaka kumshika mkono, lakini kulikuwa na mkaguzi, na mlinzi, na dereva wa teksi. Alimpangusa vumbi begani.

*

Mkurugenzi alihamishiwa wizara nyingine, ambako alipewa gari jipya zaidi. Mratibu akaratibu mradi wa elimu. Baba Pacha hakufungwa. Alifukuzwa kazi, na kwa kuwa ndiye pekee aliyefukuzwa, taarifa ilisema hatua zimechukuliwa. Wafadhili waliandika barua ya masikitiko yenye kurasa nne.

Mabomba yaliyorudishwa yalikuwa mia tatu na arobaini kati ya mia tano. Yalilundikwa uani kwa halmashauri. Halmashauri ikasema haina fungu la kuyalaza mtaroni. Wafadhili wakasema, kwa mujibu wa mkataba, kulaza ni jukumu la halmashauri. Yakakaa hapo miezi mitano, mpaka Mama Pacha alipoandika barua ya kuyaomba, akazunguka nayo nyumba kwa nyumba. Wengi walitia sahihi bila kumkaribisha ndani. Muuza mkaa alimweka mlangoni muda mrefu, kisha akasema, "Ingia uketi," akamwonyesha makochi.

Halmashauri ikayatoa. Jumamosi ya kwanza walitokea watu thelathini na wawili na majembe. Ya pili walitokea kumi na tisa. Kazi ya kuunganisha aliwafundisha yule fundi bomba wa pipa, bure, na hakupenda kutazamwa usoni. Waliondoa taka mtaroni, wakachimba upya palipofukiwa. Baba Pacha alipima kwa hatua kutoka tangini, akazidisha kwa vidole, akapima tena.

"Yataishia zahanati," alisema. "Na nyumba chache baada yake."

Zahanati yenyewe ilikuwa bado haina paa. Watu walitazamana.

"Na kwetu?" aliuliza Bibi, aliyekuwa ametolewa nje na kiti chake ili aone.

"Kwetu mwisho kabisa, mama. Mpaka yapatikane mengine."

"Mpaka hapo nitakuwa nimekufa."

"Hapana, mama. Tutatafuta—"

"Basi chimba," alisema Bibi. "Unaongea nini?"